Doriani Mlangoni

Kadi imeandikwa kwa wino wa dhahabu: Chakula cha Msimu.
Shangazi Biubwa kaisoma mara mbili, miwani puani,
kisha kauliza: msimu wa nani,
iwapo doriani lake la Machui
limezuiwa mlangoni kwa kosa la kunuka?

Ikaja sahani pana mfano wa sinia,
katikati kijipande cha kolekole, tone la ukwaju,
jani la mchicha limejilaza kama mgonjwa.
“Hiki cha kuonja. Chenyewe kiko njiani?”

Bili sikumwonesha.

Nje, Mcha mlinzi kalilea doriani kama mtoto wa watu.
Tukalipasua hapo hapo, barazani Shangani,
watatu, kwa vidole,
harufu ikapanda ghorofani
bila kuomba meza.