Kikohozi Safu ya Tisa

Jumanne tiketi ni nusu bei, ndiyo maana nilikuwamo.
Nimetoka zamu ya usiku, viatu bado vinanuka
dawa ya sakafu na chai ya Bi Dorothy
aliyekataa kulala mpaka nimshike mkono.
Nje, Coventry ilikuwa na mvua ile isiyonyesha,
mvua ya kuning'inia tu,
kama mgeni asiyebisha hodi na asiyeondoka.
Ukumbini tulikuwa watu sita. Mmoja alishalala.

Filamu yenyewe ya mapenzi.
Mwanamke anarudi kisiwani kumzika mama yake,
anamkuta yule wa zamani, fundi wa injini za boti;
ana mke sasa, na mke ndiye aliyepika chakula cha matanga.
Nilijua itakwendaje. Hata yule aliyelala alijua.
Jikoni, usiku, bomba linavuja,
mwanamume anainama kulifunga
na mkono wake unachelewa kuondoka.

Hapo mtu akakohoa.

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.
Hawakusema kikohozi nacho kina mwenyewe,
kwamba utakitambua gizani baada ya miaka kumi na mmoja:
kifupi, kikavu, mara mbili, kisha kimya,
kama mtu aliyegonga mlango akajuta.
Nilikuwa nakisikia ukutani pale Foleshill,
nyumba ya vyumba saba na choo kimoja,
kabla ukuta haujachoka kututenga.

Na mimi ndiye niliyempa Mwanaidi namba yake.
Tulikuwa tumegombana, sikumbuki tena kwa nini,
nikamwambia mdogo wangu: Kombo ni mtu mwema,
mimi na yeye hatukuwa na kitu.
Hina ya harusi nilimpaka mwenyewe.
Mkono wa kushoto niliukosea.

Sikugeuka. Theluji ikaanza kuanguka kwenye skrini,
mwanga wake ukamwagika mpaka kwetu, nikamwona:
viti vitatu kutoka changu, koti la kampuni ya vifurushi,
bisi mapajani, hajagusa hata moja.
Alikuwa ameniona tangu matangazo.

"Shemeji," akasema.

Neno zuri, shemeji. Lina heshima zake,
lina ukuta, lina paa, lina watoto wawili
wanaoniita mama mkubwa.
"Shemeji," nikaitikia,
na sauti yangu ikalivua lile neno viatu mlangoni.

Wale wa kwenye skrini walikuwa na vinanda, walikuwa na bahari.
Sisi tulikuwa na kipasha joto kinachokwaruza.
Akasogea kiti kimoja. Baadaye sana, cha pili.
Kilichobaki akakiwekea bisi,
tukala kwa zamu, bila kutazamana,
kama watu wanaolipana deni kwa senti.
Vidole vikakutana mara moja tu, vyenye chumvi,
na havikuombana radhi.

Simu yangu ikawaka, ikatumulika sote wawili:
*Dada, Jumamosi uje. Nimepata mihogo, mizuri, haina nyuzi.*
Nadhani na yeye aliisoma.
Nikaigeuza kifudifudi pajani. Iliendelea kunichoma.

Filamu ikaisha kivuko kikiondoka gatini.
Haikuonyesha mke alikuwa wapi saa ile,
wala nani aliosha masufuria ya matanga.
Taa zilipowaka Kombo hakuwapo,
bisi zilikuwapo, na kiti chake kilikuwa bado na joto.
Najua. Nilikigusa.

Jumamosi nilikwenda.
Mihogo ilikuwa ya nazi, haina nyuzi kweli.
Kombo alikohoa mezani, mara mbili, kisha kimya,
Mwanaidi akamsogezea maji, akanitazama mimi:
"Kifua hiki, dada, hakiponi. Nifanyeje?"
"Mpe tangawizi," nikasema.
Nusura niongeze: asali vijiko viwili, limau halipendi.
Nikaomba chumvi.