Makabidhiano, Newala

Sikujua, mdogo wangu,
ufunguo wa chumba cha seva uko kwa mlinzi, Nakutepa.
Msalimie kwanza, ulizia na mihogo yake; hapendi haraka.
Feni ya kushoto hukwaruza. Ipige kofi moja, itanyamaza.
Nywila siiandiki hapa.

Nianze na aibu yangu.
Ilikuwa Novemba, mnada wa tatu,
magunia yamefika kwenye kenchi,
vumbi la korosho limeingia hadi chini ya vitufe.
Katibu wa Mnyambe akapiga simu: kuna mkulima kaandikwa mara mbili,
mfute mmoja.
Mmoja tu.
Nikaandika DELETE, nikaandika jina la jedwali,
na WHERE ikiwa bado iko kichwani
kidole kikaangukia Enter.
Skrini ikajibu kwa adabu:
mistari 11,406 imefutwa.
Hakuna kelele. Ghala likiungua, angalau watu huona moshi.

Basi anza na SELECT, kwa sharti lile lile,
uwaone kwa macho hao unaotaka kuwaondoa.
Ukitegemea mmoja wakaja elfu, inuka, kanywe maji.
Halafu fungua muamala.
Ndani ya muamala gunia bado liko begani mwako,
unaweza kulitua palepale ulipolitoa.
Ukisema COMMIT, lori limeshapita Kitangari
nawe huna miguu ya kulikimbiza.

Utauliza: na nakala rudufu?
Zilikuwepo. Kila usiku, saa nane, miezi saba,
nami sikufungua hata moja.
Diski ilijaa tangu Aprili;
kila asubuhi faili jipya, tarehe nzuri, ndani baiti sifuri.
Nakala ambayo hujawahi kuirejesha
ni ghala lenye kufuli mlangoni, ukuta wa nyuma hakuna.
Irejeshe kila mwezi, kwenye mashine nyingine,
mhasibu acheke akitaka.

Tukaandika upya kwa mikono, mimi na Fadhina wa stakabadhi,
usiku sita, jenereta ikikohoa nje,
kutoka karatasi za kaboni zilizofifia.
Kilo mia mbili na kumi na nne.
Kilo tisini, mjane wa Chihangu.
Hapo ndipo nilipojua kwamba kila mstari unakula ugali.

Sasa jina lako. Usicheke.
Palipo patupu kwenye uzito, mtangulizi wangu alijaza sifuri, paonekane pasafi.
Sifuri ni mtu aliyekuja mikono mitupu.
NULL ni sikujua: pengine hajaja, pengine mizani ilikuwa mbovu.
Wastani wa kata ukaporomoka,
na mwaka uliofuata wakaletewa salfa nusu.
Tena NULL hailingani na kitu, hata na NULL mwenzake,
usiitafute kwa alama ya sawasawa.
Ukisimama ukingoni mwa Shimo la Mungu asubuhi ya ukungu,
usiandike kwamba bondeni hakuna mto.

Ripoti ikikawia, usiutukane mtandao.
Mashine inabisha hodi nyumba kwa nyumba kama karani wa sensa;
ipe faharasa kwenye namba ya mkulima.
Moja. Mbili. Ukiweka kila mahali,
gunia moja likiingia litaandikwa mara saba na foleni itafika barabarani.

Mwenyekiti akitaka nywila kuu "aangalie tu,"
mpe haki ya kuangalia tu.

Na yule mkulima aliyeandikwa mara mbili?
Usiku wa tano Fadhina alinyanyua karatasi mbili kwenye taa:
jina moja, kijiji kimoja, dole gumba tofauti.
Babu na mjukuu, somo yake.
Jina si ufunguo, Sikujua. Wape namba.
Hata ningekumbuka WHERE siku ile,
hata ningefuta mmoja, kwa usahihi, kwa sharti safi,
ningemfuta mtu
aliyekuwa amekaa kwenye benchi hapo nje
akisubiri hela yake.