Chupa ya Tatu

Bedford, Novemba, Alhamisi ya mvua isiyo na haraka.
Nyuma ya duka la Iannuzzi, kati ya makopo ya nyanya
na madebe ya mafuta ya zeituni, tumekaa watano.
Chupa nne zimefungwa magazeti kama samaki wa sokoni,
tusione majina, tusipendelee.

Ya kwanza niliipa alama. Ya pili nimeisahau.
Ya tatu Loredana aliimimina bila neno.

Rangi haikunitamanisha: wekundu uliochujuka,
ukingoni hudhurungi,
ungedhani ni maji ya kwanza ya kufulia kanga.
Nikanusa. Lami ya barabara saa saba mchana,
ngozi ya kiatu, waridi lililokaukia kwenye chombo.
Hakuna vanila, hakuna pipa jipya la kujipendekeza.
Nikaonja

na ulimi ukajikunyata.
Fizi kavu. Mashavu yakavutwa ndani.
Ukakasi ule ule wa zambarau za wizi
tulizokula hadi midomo ikatusaliti nyumbani.

Fomu iliuliza: tanini?
Nikaandika: ukakasi, tele.
Fomu iliuliza: tunda?
Nikaandika: halipo.
Kumi na moja juu ya ishirini,
nikapiga mstari chini yake
kwa kiburi cha mwanafunzi wa miezi mitatu.

Doreen alipenda ya nne, iliyokuwa tamu tamu.
Tukabishana. Mkate ukaja, jibini gumu,
nyama ya kondoo yenye mafuta yanayong'aa.
Loredana akasema baba yake alichoma matofali hapa,
na kwamba kwao pipa lilikuwa kubwa
kuliko chumba alicholala Stewartby.
Kisha akaenda kuosha vyombo.

Basi langu lilighairiwa.
Nikarudia glasi kwa kukosa la kufanya.

Ilikuwa imefunguka.
Cheri zilizoanikwa, ganda la chungwa, moshi wa mbali,
na chini kabisa, naapa, harufu ya tofali
linapopigwa na manyunyu ya kwanza.
Ukakasi bado upo, lakini sasa umeshika nyama,
kama mtu asiyemchekea mgeni mlangoni
ambaye usiku anakuletea shuka la pili.

Nilitaka kuandika: mvumilivu hula mbivu.
Fomu haina nafasi ya methali.
Nikafuta kumi na moja, nikaweka kumi na saba,
nikafuta tena: kumi na sita na nusu.
Ile nusu ni ya rangi, sijaisamehe.

Nilipoinua glasi, kitako kilikuwa kimeacha
duara juu ya jina langu.
Nikaikabidhi hivyo hivyo.