Saa Kumi za Kodiani

Mwaka ule kiwanda cha kauri kilizima tanuri,
na baba, aliyechora maua ya buluu kwenye visahani
miaka ishirini na miwili,
alirudi nyumbani na brashi tatu mfukoni, na barua.

Wałbrzych ililala chini ya theluji yenye vumbi la makaa.
Madirishani mwa maduka midoli ilitutazama
kama watu wanaodai.

Mama alichana mifuko ya unga, akagawa penseli.
"Mwaka huu hanunui mtu. Andikeni mnachojua kufanya."
"Mkono mtupu haulambwi," baba akanung'unika.
"Basi uoshe," mama akasema, "kisha uutie kazi."

Nyota ya kwanza ilipochomoza juu ya bomba la moshi la mgodi
tuliketi. Nyasi kavu chini ya kitambaa cha meza,
samaki wa bwawa, supu nyekundu ya bitiruti,
na ile sahani ya ziada, ya mgeni asiyetarajiwa,
ambaye maishani mwangu hajawahi kubisha hodi.
Usiku ule tuliijaza karatasi.

Dobrusia, miaka tisa: Nitamsomea bibi gazeti,
hata kurasa za matanzia.
Shangazi Kunegunda: Zipu nne, pindo sita,
na sitamuuliza Ludka ataolewa lini.
Baba hakuandika neno. Alichora ua moja la buluu
na mshale uelekeao ukuta wa jikoni.
(Ua lile lilitambaa hadi Pasaka, likafika dari.)
Mimi niliahidi makaa, ndoo mbili kila alfajiri, Januari yote.
Tarehe tatu nilikuwa nimeshajuta.

Na mjomba Alojzy, mchimbaji mstaafu mwenye kikohozi,
aliniandikia kwa herufi kubwa kama za kibao cha hatari:
SAA KUMI ZA KODIANI. NJOO UTAKAPO.

Sikwenda.
Niliona ni mali, na mali huwekwa.
Niliitia ndani ya kopo la chai, pamoja na vifungo vya shati la babu,
nikasema, mwakani. Nikasema, nikimaliza shule.
Nikasema, vidole vyangu bado vifupi,
hata vilipokuwa virefu kuliko vyake.
Sweta niliyojinunulia kwa mshahara wa kwanza
ililiwa na nondo. Karatasi haikuliwa,
nami nikadhani hiyo ndiyo maana ya kudumu.

Miaka saba.
Kisha kiharusi kikamshika mjomba upande wa kulia,
mkono ukakaa pajani pake kama paka wa jirani.

Nilikwenda na karatasi yangu, nikiona haya
kama mtu aliyepeleka dukani noti ya utawala uliokwisha.
Aliisoma. Akaigeuza, akatazama nyuma yake,
mahali palipobaki nusu ya jina la kinu cha unga.
"Haijaandikwa tarehe ya mwisho," alisema kwa nusu ya mdomo.
"Lete kile kisanduku."

Tulikaa bega kwa bega juu ya kitanda,
mkanda mmoja begani kwake, mwingine kwangu.
Mkono wake wa kushoto ulivuta mivukuto,
wangu wa kulia ukapapasa vibonyezo.
Pumzi zilikuwa zake, makosa yalikuwa yangu.
Jirani akagonga ukuta.
Wimbo haukutoka. Ilitoka sauti ya mlango mkuukuu
unaosukumwa na watu wawili wasiojuana nguvu,
kisha, mara moja tu, noti tatu zilizofuatana,
naye akacheka hadi akakohoa, akakohoa hadi akacheka.

Saa ilipotimia alichana pembe ya karatasi kwa meno,
akanirudishia iliyobaki.
"Tisa," alisema. "Na kesho usichelewe."