Shimo la Mia na Kumi na Nne

Siku tano naandika hesabu za saruji na mabati.
Jumamosi ile wakasema, kwa kuwa wewe una kalamu,
shika daftari la miche.

Kiwanja chenyewe kiliponea chupuchupu kuwa maghorofa.
Mawe manne ya yule mnyakuzi bado yamo nyasini,
na juu ya moja Bi Nyaguthii aliketi akifunga kamba za viatu
kana kwamba liliwekwa pale kwa ajili yake.

Masika yalikuwa yametutangulia.
Udongo mweusi wa Buruburu haumzoei mgeni upesi:
humshika mguu, humvua kiatu,
humwachia soksi.
Tulichimba futi mbili kwenda chini,
na kabla ya kuufikia udongo tuliupita mji:
kifuniko cha soda, betri, kandambili ya mtoto,
kijiko kizima, ambacho Wesonga alikifuta kwa suruali
akakitia mfukoni. "Nyumbani vimebaki vitatu."

Kisha ugomvi wa jina.
Wesonga: hii ni lusiola.
Akeyo: wacha wewe, ni siala, kwetu tunajengea.
Nyaguthii akasema muu, mara moja tu, akaendelea kuchimba.
Wakanigeukia mimi, mtoto wa Kisauni,
niwape la Kiswahili.
Sikuwa nalo.
Niliandika "mche", nikapiga mstari chini yake,
nao, na majani yake manne, ulingoja
kama mtoto aliyezaliwa katikati ya kikao cha ukoo.

Miche mia tatu na arobaini.
Wangu ulikuwa wa mia na kumi na nne.
Tukapigwa picha, tukanywa uji, tukatawanyika.

Kupanda ni harusi. Kumwagilia ndiyo ndoa.

Juni tulirudi watano.
Julai, baridi ya kukunja vidole, tulirudi wawili,
na mmoja alikuwa anamtafuta mbwa wake.
Septemba udongo ukapasuka nyufa za kuingia mkono.
Mfereji mtaani kwetu hutoka Jumanne na Ijumaa,
siku nyingine ni mkokoteni, na bei ya mkokoteni mnaijua.
Basi nilibeba maji ya kusuuzia nguo,
mtungi mkononi, daftari kwapani,
nikaenda shimo kwa shimo nikiandika:
hai. Kafa. Kafa. Kaliwa na mbuzi.
Kang'olewa, kijiti kimekuwa kuni.
Hai.
Mia na kumi na nne: fimbo kavu.
Nikaimwagilia hata hivyo,
mkono ulikuwa umeshainama.

Wiki ya tatu, chini ya fimbo, jani.

Sikumwambia mtu.
Niliandika hai, kwa wino, mara mbili.
Kufikia Novemba ulikuwa umenifika magotini,
nikamwita Akeyo aje aione siala yangu.
Alichuma jani, akalifikicha, akalinusa,
akaniwekea puani,
akacheka mpaka akajishika kiuno:
"Bi Mwanatumu, huu ni mpera!"

Nani aliyeupanda? Hakuna.
Mwanafunzi aliyetema mbegu akikimbilia kengele.
Ndege. Au ilikuwa imelala humo siku zote,
mbegu, pamoja na betri na kandambili,
ikingoja maji ya mtu aliyekusudia kingine.

Daftari lina safu tatu: hai, kafa, haijulikani.
Nimeishika kalamu juu ya mstari ule
mpaka chai imeota utando.
Kamati itauliza. Mti wa matunda katikati ya bustani,
watasema, utaleta watoto na mawe yao.

Na uwalete.

Nimefuta "mche", nimeandika jina,
hili ninalo.
Kesho Jumanne, siku ya mfereji.