Kikombe cha Kwanza

Kazi yangu ni kuonja kahawa.
Mwaka wa kumi na tisa huu, jirani na stesheni ya reli,
navuta kwa kijiko, natema ndooni,
naandika namba.
Vikombe havina majina. Chini ya kila kimoja
kuna kikaratasi, na kikaratasi hakina mama
wa kupiga vigelegele.

Basi walipokosa jaji wa tano
Bwana Kisamo akasema, mleteni Ndeonasia,
yule anajua kutoa alama.
Kana kwamba chumvi ya mchuzi
na chumvi ya kidonda ni chumvi tu.

Uwanja wa kikapu, Pasua.
Saruji imepasuka chini ya ringi ya mashariki,
vumbi limefagiwa mara mbili, limerudi mara tatu.
Mlima umejifunika shuka lake.
Kuna nchi, nasikia, watoto huteleza juu ya barafu
kwa viatu vya chuma.
Barafu yetu iko juu mno, nayo inapungua.
Tuna saruji, tuna viatu vya matairi.

Wa kwanza aliitwa Aikande, miaka kumi na minne,
viatu vya kuazima, vimemzidi saizi mbili,
soksi tatu kila mguu.
Alipita mbele yetu kinyumenyume, taratibu,
kama mtu anayetoka chumba alicholala mtoto.
Kisha akaruka. Mizunguko miwili,
niliihesabu kwa kidole chini ya meza,
na aliposhuka saruji haikulia.

Nilitaka kuandika tisa.
Mkono ukasema: ngoja.
Bado kumi na mmoja. Ukimaliza akiba asubuhi hii,
wa mwisho utawapa nini?
Nikaandika saba nukta mbili.

Nielewe: kwetu kikombe cha kwanza hakihesabiwi.
Ni cha kuamsha ulimi. Mnaonja, mnatema,
mnakubaliana uchachu ni huu, utamu ni huu,
ndipo kazi inaanza.
Na kikipoa unakirudia. Kahawa ya Uru
hujificha ikiwa ya moto; ikipoa inasema ukweli,
nawe unafuta, unaandika upya, hakuna anayekucheka.
Yule mtoto alikuwa dakika mbili na nusu.
Alipokuja kupoa kichwani mwangu
alikuwa ameshavua viatu
kumrudishia mwenyewe, mshiriki namba saba.

Namba saba aliruka vilevile, akayumba,
akagusa chini kwa vidole. Tulimpa nane.
Tulikuwa tumeshapata joto.
Tena babake ndiye aliyeleta maji,
katoni mbili, zilikaa mezani petu,
nami nilikunywa. Sisemi ilikuwa rushwa.
Nasema nilikunywa.

Kanuni inakata alama ya juu na alama ya chini.
Kwa Aikande ilikata tisa kasoro ya Mbonea,
jaji wa kutoka Same,
aliyeandika alichokiona bila kungoja.
Tuliobaki tulifanana. Bwana Kisamo akafurahi:
majaji wamekubaliana, haki imetendeka.
Tulikubaliana, kweli,
kama abiria walioachwa na basi moja.

Aikande akawa wa nne. Alipitwa kwa nukta moja.
Alinikuta nakusanya penseli. Hakuwa analia.
"Shikamoo. Naomba kujua nilikosea wapi,
nirekebishe."
Nikaangalia karatasi yangu:
kuruka, kushuka, mwendo, tabasamu.
Hapakuwa na kisanduku cha kuandika
ulitangulia.

Nikasema, "Marahaba."
Nikasema, "Mikono, mwanangu. Inyooshe zaidi."
Mikono yake haikuwa na kosa lolote.

Jana nilipita Pasua kununua mkaa.
Yuko uwanjani peke yake, peku,
anazunguka, ananyoosha mikono
mpaka mabega yanamtetemeka.