Kidole cha Mama

Jumamosi, Kunduchi Mtongani,
chumba kilichojengwa kiwe maktaba.
Dada Atupele anafungua kompyuta yake,
kioo kimepasuka pembeni, kimeshikwa na plasta ya kidonda.
Tupo kumi na wanne. "Haondoki mtu hapa," anasema,
"fomu ikiwa nusu."
Yeye aliukosa mkopo mwaka mzima kwa herufi moja ya jina.
Mwaka ule aliuza vocha Tegeta, na hasemi zaidi.

Jina la baba. Marehemu.
Namba ya cheti cha kifo.
Tulimzika Kisarawe, mvua za vuli zimeanza;
cheti nani alikikumbuka?
Tulikumbuka sanda. Tulikumbuka sukari ya matanga.
Dada anaandika daftarini: *RITA, Jumanne, nakwenda naye.*

Kazi ya mama.
Orodha inashuka: mkulima, mfugaji, mtumishi wa umma.
Mponda kokoto hayumo.
"Weka mfanyabiashara," ananong'ona Nasibu nyuma yangu,
"si anauza kwa ndoo?"

Halafu mdhamini, na alama yake ya kidole.
Mama kaja na kanga ya sanduku,
vumbi jeupe limegoma kutoka kwenye nyusi.
Anabonyeza dole gumba juu ya kimashine.
Jaribu tena.
Jaribu tena.
Miaka kumi na tisa ya nyundo imeifuta mistari yote;
mashine inamtafuta mama yangu, haimwoni,
naye anaomba radhi, kana kwamba kachelewa.
Dada anampaka mafuta ya mgando, anafuta kwa khanga yake mwenyewe,
cha shahada, cha kati, cha pete,
anahamia mkono wa kushoto,
mpaka kidole kidogo, kile kisichogusa jiwe,
kinawasha taa ya kijani.

"Enhe, Sikudhani, unakwenda kusomea nini?"
"Jiolojia."
"Ndiyo nini?"
"Mawe, mama."
Kimya.
Kisha anacheka mpaka anashika ukuta:
"Mimi nayaponda ili usiyaone,
wewe unayafuata kwa mkopo!"

Tulikuwa ukurasa wa tisa umeme ulipokatika.
Dada anasema kila kitu kimehifadhiwa.
Tunakaa gizani, feni inazunguka kwa deni la mwisho.
Mama ananivuta sikio, anauliza polepole
kama ile mashine, taa ikirudi,
itakuwa bado inamjua.